Mawingu ya Chini

Kwa mjomba, Tanga, kulikuwa na televisheni isiyo na rangi, yenye kitasa cha kuzungusha na antena iliyoungwa kwa waya wa shaba. Sisi tulikuwa na mashine ya gemu, wao walikuwa na televisheni, na undugu wetu ulikamilika Jumamosi mchana, umeme ukiwepo. Mashine yenyewe ilikuwa nakala ya nakala ya Famicom, ile ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti yake ya njano ilijitapa kuwa na gemu 9999999. Ukizihesabu kwa haki zilikuwa kama sita, zimebadilishwa majina. Ikigoma tunaichomoa, tunaipuliza, tunairudisha. Ikikubali, anatokea Mario.

Siku moja binamu yangu, mdogo kuliko sote, alisogea akagusa kioo kwa kidole, chini karibu na ardhi. "Mbona mawingu mengine yameanguka?"

Tulimcheka mpaka shangazi akachungulia kutoka jikoni. Mawingu gani ya chini? Hivyo ni vichaka! Binamu akang'ang'ania lake: ni mawingu. Tukampokonya zamu yake kwa ujinga huo.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba aliyekuwa sahihi ni yeye. Katika Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985, kichaka na wingu ni mchoro mmoja. Juu umepakwa nyeupe, chini umepakwa kijani, basi. Sisi wengine tulikuwa tumeiona gemu hiyo kwenye televisheni ya rangi kwa jirani, tukawa tumeshadanganyika. Binamu aliijua kwa weusi na weupe tu, na kwenye kioo kisicho na kijani siri ya fundi ilikuwa wazi.

Sikukasirika kudanganywa. Nilipata furaha ile unayoipata seremala anapokuonyesha kiungo ambacho hukujua kama kipo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchungulia mishono ya gemu za zamani, na kadiri ninavyochungulia ndivyo ninavyozidi kuwavulia kofia walioshona.

Gemu ile yote ina ukubwa wa kilobaiti 40. Picha ya harusi niliyotumiwa juzi kwenye simu, ambayo nusu yake ni kidole cha mpiga picha, ingemeza gemu hamsini za namna hiyo. Katika hizo 40, michoro imepewa 8 tu, yaani vigae 512, na kila kigae kina nukta nane kwa upana na nane kwa urefu. Kwa vigae hivyo lazima upate ardhi, mbingu, mabomba, ngome, kobe, uyoga, samaki, moto na binti mfalme wa kuokolewa. Mario mdogo, kabla hajala uyoga, ni vigae vinne.

Nane kwa nane. Aliyesoma ushairi darasani atakuwa ameshasikia mlio. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita: nane za ukwapi, nane za utao. Mshairi Muyaka aliishi Mombasa na kufa miaka mingi kabla umeme haujafika pwani, lakini nadhani angemwelewa Shigeru Miyamoto, aliyeiongoza gemu hii, bila mkalimani. Wote wawili walipewa chumba kidogo na kuambiwa waingize kitanda, kabati na wageni. Mshairi neno likimzidi hulikata: "nimekuja" inakuwa "mekuja", na tunaiita inkisari.

Basi kofia ya Mario ni inkisari. Alipochorwa mara ya kwanza, kwenye Donkey Kong ya mwaka 1981, nukta hazikutosha kumpa nywele zinazoeleweka, akavikwa kofia. Mdomo haukuwa na pa kukaa, akapewa masharubu, na pua ikapata pa kuanzia. Mikono ilikuwa inapotelea kiwiliwilini, akavalishwa ovaroli ili mkono wa shati uonekane ukipunga. Kila kigae cha mhusika kilikuwa na rangi tatu, hivyo katika gemu ya 1985 nywele, masharubu, shati na viatu vyake vyote ni rangi moja, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Sura inayojulikana leo dunia nzima ni orodha ya vitu vilivyokosa nafasi. (Mtaani neno marioo limepata maana nyingine kabisa, lakini huyu fundi bomba hakulelewa na mwanamke, alihangaika mwenyewe.)

Kuna ufundi mwingine ambao mimi nauweka juu ya huo. Kaseti yetu haikuja na maelezo, na hata yangekuwepo hakuna ambaye angeyasoma. Lakini tulijua kucheza. Gemu inaanza Mario akiwa kushoto na nafasi tupu kuliani, kwa hiyo unakwenda kulia. Anakuja kiumbe mwenye uso wa hasira. Ukimgusa unakufa, na hasara ni sekunde chache. Mara ya pili unaruka. Unagonga tofali, linatoa uyoga, nawe unataka kuukimbia maana unafanana na yule adui. Uyoga unateleza kulia, unagonga bomba, unageuka, unakurudia. Ukijaribu kuuruka kichwa kinagonga matofali ya juu, unaanguka juu yake, na badala ya kufa unakua. Umefundishwa bila kutajiwa neno hata moja, na bomba liliwekwa pale makusudi. Walimu wangu wa hesabu wangejifunza hapo.

Muziki nao ulikuwa na waimbaji wachache mno. Mtunzi wake, Koji Kondo, alipata sauti mbili za kuchezea wimbo, ya tatu ya besi, na mchakacho wa kufanya ngoma. Mario akiokota sarafu, mlio wa sarafu hauna njia yake. Unamnyang'anya mmoja wa waimbaji kwa kitambo, kisha unamrudishia. Ukisikiliza kwa makini utamsikia akinyamaza. Nimecheza miaka na sikumsikia.

Na bunduki? Mashine yetu ilikuja na bunduki ya plastiki ya kuwinda bata, katika Duck Hunt. Tuliamini inatoa kitu. Kumbe inapokea: ndani ya mtutu kuna jicho. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa, kisha mahali alipo bata panawaka kisanduku cheupe. Jicho likiona giza halafu mwanga, bata ameanguka. Binamu, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, aliilenga balbu ya sebuleni akitegemea ushindi wa bure. Mbwa wa kwenye gemu akamcheka. Waliotengeneza walishamfikiria mtoto kama yeye: anayeona mwanga kabla ya giza anaibia.

Sitaki kuusifia ufinyu kupita kiasi. Zile gemu nyingine kwenye kaseti ya njano zilikuwa na kilobaiti zilezile na zilikuwa takataka. Na siku hizi zipo gemu mpya zinazovaa nukta kubwakubwa ili zionekane za kale, ilhali zinakaa kwenye simu yenye nafasi ya kumwaga. Nyingine ni nzuri. Nyingi zinanikumbusha mtunzi anayehesabu mizani kwa vidole, zinatimia, vina vinatimia, na hajasema kitu.

Mwaka jana tulikutana Tanga kwenye arobaini ya shangazi. Wageni walipopungua tulikaa barazani, mimi na binamu, naye ana chungwa na kisu. Nilitoa simu, nikamfungulia picha ya gemu ile, nikaiondoa rangi, nikamsogezea.

Aliitazama kwa muda. Akanirudishia.

"Niliwaambia," alisema. "Na zamu yangu mnanidai mpaka leo."

"Sisi tunakudai?"

"Mimi nawadai, binamu. Usijitie huelewi." Akaendelea kumenya chungwa, ganda moja refu lisilokatika.