Kina Kama Shahidi: Mchezo wa Kufumba kwa Vina Miongoni mwa Marafiki wa Simuni

Mjadala wa vina katika ushairi wa Kiswahili umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba njia za kuchagua ni mbili tu. Upande mmoja wapo wanaoshikilia, kwa kufuata mkabala wa Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), kuwa utungo usio na vina na mizani haustahili kuitwa shairi. Upande wa pili wapo waliopata nguvu hasa baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974), ambao kwao vina ni pingu inayomfunga mtunzi na kumlazimisha kusema asilolikusudia; na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi (1979) iliupa upande huu misingi ya kinadharia. Pamoja na ukali wa mabishano hayo, pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo moja bila ya kulitamka: kwamba kina ni sifa ya utungo uliokwisha kukamilika, pambo kwa wanaolipenda na mzigo kwa wanaolichukia. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: kina hufanya kazi gani baina ya watu wawili, wakati mmoja analijua neno na mwenzake bado hajalijua?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia utanzu mdogo ambao wahakiki wengi hawangeupa hadhi ya kuchambuliwa, yaani mchezo wa kubahatisha maneno kwa vina unaochezwa na marafiki katika makundi ya simu. Kanuni zake ni chache. Mfumbaji hutoa maelezo mafupi. Jibu linalotakiwa ni maneno mawili yenye kina kimoja, yaliyounganishwa kwa kihusishi. Akisema, kwa mfano, “Kutamani samaki wadogo wa ziwani,” jibu ni “njaa ya dagaa.” Akisema “Mnyama wa jalalani,” jibu ni “paka wa taka.” Anayejibu kwanza hupewa zamu ya kufumba. Mifano yote iliyomo humu imebuniwa kwa ajili ya uchambuzi, na mahali palipochaguliwa kuwa uwanja wake ni Kianjai, katika nyanda za Tigania, kwenye barabara itokayo mji wa Meru kuelekea Maua. Sababu ya kupachagua ni kwamba mtu wa Kianjai hukutana na Kiswahili cha vina akiwa na lugha nyingine mkononi, na hali hiyo hudhihirisha mambo ambayo mtu wa Mvita au Unguja huenda asiyatambue kwa kuyazoea mno.

Mchezo wenyewe si mgeni duniani. Waingereza waliujua wa jamaa yake kwa jina la krambo, na Samuel Pepys aliutaja katika shajara yake ya mwaka 1660. Hata hivyo, kuna tofauti ya msingi ambayo haitokani na tabia za wachezaji bali na maumbile ya lugha. Kina cha Kiingereza huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, na kwa hiyo mchezaji akitajiwa kina, maneno yanayobaki mbele yake huwa haba. Kina yenyewe humwongoza. Kina cha Kiswahili kwa desturi ni silabi ya mwisho, ilhali mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake ni kwamba mshairi wa Kiswahili huwianisha sehemu ya neno isiyo na mkazo, katika lugha ambayo karibu silabi zake zote huishia kwa irabu.

Athari ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu akiambiwa kuwa neno lina kina cha -mba, ana simba, nyumba, shamba, kamba, pamba, mwamba, mgomba, chumba, mimba na komba, kabla hajafikia vitenzi: imba, omba, chimba, tamba, na hata fumba lenyewe. Akiambiwa kina ni -ni, basi amepewa kamusi nzima, kwani takriban kila nomino ya mahali au ya kitu huweza kuvishwa kiambishi hicho: sokoni, shambani, mtoni. Kina cha -wa ni hivyo hivyo kwa upande wa vitenzi vya kutendwa. (Yeyote aliyewahi kusahihisha mashairi ya wanafunzi anajua jinsi -ni na -wa zinavyookoa beti zilizokwama.) Hivyo basi, katika Kiswahili kina hakiwezi kuwa mwongozo wa kulifikia jibu. Ni rahisi mno, na kinachopatikana kwa urahisi namna hiyo hakimwonyeshi mtu njia.

Kazi yake ni nyingine. Kina huja baada ya dhana kupatikana, na huithibitisha au kuikataa. Mfano utafafanua. Mfumbaji wa Kianjai anasema: “Mzigo wa mwenye masikio marefu.” Mchezaji mmoja anajibu “furushi la sungura.” Kwa upande wa maana hakuna kasoro: furushi ni mzigo, na masikio ya sungura hayahitaji kutetewa. Lakini jibu linaanguka, na halianguki kwa sababu mfumbaji amekataa; linaanguka kwa sababu furushi na sungura hazishuhudiani. Mwingine anajibu “bunda la punda,” na hapo hakuna wa kuuliza kama ndilo. Maana imependekeza, kina kimeshuhudia. Kila mmoja kundini anaweza kuusikia ushahidi huo kwa sikio lake mwenyewe bila ya kumtazama mwenye fumbo.

Hapa ndipo mchezo huu unapotengana na kitendawili kama kilivyofikia darasa la Kenya. Kitendawili kinachoanza “Nyumba yangu haina mlango” hujibiwa “yai,” na mtoto anayejibu “jiwe” au “tumbo la mama” huambiwa amekosa, ijapokuwa hoja yake haina udhaifu wowote. Jibu ni mali ya mtegaji. Katika baraza la jioni hali hiyo ilikuwa na tiba yake: aliyeshindwa alitoa mji, mtegaji akausifu mji huo na kujigamba alivyoufaidi, na katika majigambo hayo hadhira ilipata nafasi ya kubisha, kucheka na kuona kwa nini yai ni bora kuliko jiwe. Baada ya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kitendawili kiliingia katika vitabu vya kiada kikiwa na jibu lake kando, na mji ukabaki nje. Kilichokuwa kipimo cha kufikiri kikawa kipimo cha kukumbuka. Walimu hawapaswi kulaumiwa peke yao. Mtihani wa maandishi hauna namna ya kupokea mji.

Fumbo la vina humpokonya mtegaji umiliki huo wa jibu. Lakini halifanyi hivyo kikamilifu, na kiwango chake hutegemea kanuni ambayo kundi limejiwekea. Mfumbaji akisema “Makazi ya mfalme wa nyika,” na kundi linakubali kina cha silabi moja kwa mujibu wa desturi ya ushairi, basi “nyumba ya simba,” “chumba cha simba” na “mwamba wa simba” ni majibu sahihi sawasawa, na mfumbaji hana haki ya kulipendelea moja. Shahidi amekuwa mkarimu mno, naye humshuhudilia kila aliyefika. Kundi likitaka kina kinachoshika irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho pia, kama bunda na punda, basi majibu yote matatu yanaanguka, kwa kuwa simba hupatana na mimba, wala si na nyumba au mwamba. Wachezaji makini watavutwa kwenye kanuni hii kali, na pia watapiga marufuku kina cha kunyambulisha, yaani hizo -ni na -wa, bila ya kufundishwa na mtu. Jambo hili lina uzito kwa nadharia. Katika shairi la tarbia mzigo huo huo hubebwa kwa njia nyingine: kwa kuwa silabi moja haitoshi, mtunzi hutakiwa kuishikilia ya kati na ya mwisho, mshororo baada ya mshororo, hadi urahisi wa kila kina ugeuke kuwa ugumu wa jumla.

Desturi ya kujibizana inathibitisha kuwa malenga walilielewa jambo hili zamani. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), ambazo Mwalimu Sikujua alizihifadhi na William Hichens akazichapisha mwaka 1940, zimo zilizoelekezwa kwa Lamu wakati wa uhasama uliofikia kilele chake katika vita vya Shela. Aghalabu katika desturi hiyo anayejibu hutarajiwa kurudi kwa bahari na vina vilivyotumiwa na mwenzake. Wahakiki wamezoea kulieleza sharti hili kuwa ni maonyesho ya ufundi. Maelezo hayo hayatoshi. Anayerudi kwa vina vilevile anathibitisha kwamba jibu lake ni jibu la utungo ule na si la mwingine. Kina ni muhuri wa barua iliyofunguliwa mbele ya watu. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu ushairi kama majibizano, aliiweka desturi hii ya pwani karibu na gicaandi ya Wagikuyu, na ulinganisho wake una manufaa hapa kwa sababu ya tofauti zake. Gicaandi nayo ni mashindano ya mafumbo baina ya wawili, lakini shahidi wake ni kibuyu chenye michoro iliyochanjwa, ambacho aliyeshindwa hunyang'anywa. Ushahidi uko kwenye kitu kinachoshikika. Kujibizana kwa pwani hakukuhitaji kibuyu, kwa kuwa sauti yenyewe ilishika nafasi hiyo.

Lakini kina peke yake hakingetosha kumfikisha mtu kwenye “bunda la punda.” Anayejibu sharti ajue kuwa bunda ni namna miraa inavyofungwa na kuuzwa, na kuwa punda ndiye mbebaji wa vichochoro visivyofikika kwa gari. Vivyo hivyo, mfumbaji akiandika “Msiba wa London, 2014,” mgeni atahangaika, ilhali rafiki wa Kianjai atajibu kabla hajaketi: “balaa la miraa,” kwani Juni mwaka huo Uingereza iliipiga marufuku miraa, na soko lililokuwa tegemeo la nyumba nyingi za Meru likafungwa. Kamusi ya vina ingeweza kumpa mtu orodha ya -aa: shujaa, dagaa, hadaa, taa. Isingeweza kumpa kumbukumbu ya msimu ule. Ndiyo maana mchezo huu ni wa marafiki na hauhamishiki kirahisi kwa wageni. Unapima kama waliotawanyika Nairobi, Maua na ng'ambo bado wana hazina moja ya mambo ya kwao. Fumbo ambalo zamani lingejibiwa papo hapo, na sasa linakaa kutwa nzima bila jibu, ni taarifa juu ya kundi hilo.

Umbo la simu nalo limeleta lake. Jibu limepewa saa na dakika, hivyo ugomvi wa nani alitangulia hauna nafasi. Kwa upande mwingine, wachezaji hawasikilizani, wanasomana. Maandishi ya mkato, ambayo kwayo “sijui” huandikwa “cjui” na “tutaonana” huandikwa “2taonana,” hayavurugi kina sana, kwa kuwa mkato hupenda mwanzo wa neno na kina hukaa mwishoni. Na kwa msemaji asiyetenganisha sana /l/ na /r/, kama walivyo baadhi ya wasemaji wa nyanda za Mlima Kenya, balaa na miraa hupatana kwa ukamilifu ambao mtu wa pwani hausikii. Lafudhi, ambayo shuleni huhesabiwa kuwa kosa, hapa inaongeza kina.

Kwa nini basi mchezo huu uchezwe kwa Kiswahili, ilhali marafiki wote wana Kimeru? Vitendawili vya Kimeru havitegemei vina. Mazoea ya kusikiliza mwisho wa neno mtoto wa Kianjai ameyapata darasani, katika mashairi ya tarbia aliyohesabishwa mizani yake kwa vidole. Shule iliyokigandisha kitendawili ndiyo iliyompa sikio la kina, na mhakiki anayeilaumu kwa la kwanza hana budi kuipa haki yake kwa la pili. Mara kwa mara, hata hivyo, mchezo kama huu huteleza kuelekea lugha ya nyumbani: neno la kwanza la jibu huwa Kiswahili na la pili Kimeru. Hapo mfumo wa ushahidi unaingia mashakani. Kiswahili kina irabu tano. Kimeru kina saba, na mbili kati yake hutofautishwa katika maandishi kwa alama iwekwayo juu ya i na u. Wanaoandika haraka kwenye simu huziacha alama hizo. Matokeo yake ni kuwa neno la Kimeru na neno la Kiswahili huonekana kwenye kioo zikiwa na kina kimoja, na zikisomwa kwa sauti hazina. Hapo mmoja hudai pointi kwa kuonyesha maandishi, na mwenzake hutuma sauti iliyorekodiwa ili kumpinga.