Kaptura ya Ngozi katika Soko la Konyo Konyo

Katika soko la Konyo Konyo, mjini Juba, tulionyeshwa kaptura ndogo ya ngozi iliyotoka katika mtumba. Ilikuwa na kanda mbili za mabegani, zilizounganishwa kifuani kwa ukanda wa tatu. Kando yake palikuwa na gauni la mtoto wa kike, lenye kiuno cha kubana, sketi pana na aproni. Mwuzaji akatuambia: "Haya ndiyo mavazi ya asili ya watoto wa Ujerumani."

Kisarufi, sentensi hiyo haina kosa. Kimaana inahitaji kuhakikiwa, maana sisi walimu nasi huwafundisha wanafunzi sentensi za namna hiyo.

Kwanza, mavazi hayo si ya Ujerumani nzima. Chimbuko lake ni Bavaria na nchi ya milima ya Alpi, pamoja na Austria. Kaptura ilikuwa vazi la kazi la watu wazima. Ni kweli kwamba hadi miaka ya 1960 wavulana wengi, hata nje ya Bavaria, waliivaa kila siku. Lakini sababu yao haikuwa mila: ngozi haichakai upesi, na mdogo huweza kurithi kaptura ya kaka yake. Gauni lile huitwa Dirndl, neno ambalo katika lahaja ya huko lina maana ya msichana.

Pili, neno "asili" linaficha kazi ya watu. Katika karne ya 19 kaptura hiyo ilikuwa ikiachwa. Mwaka 1883, katika kijiji cha Bayrischzell, mwalimu Josef Vogl na wenzake waliunda chama cha kuihifadhi. Kumbe aliyeiokoa mila hiyo alikuwa mwalimu! Katika karne hiyo hiyo, kanga ilikuwa ikienea pwani yetu kwa vitambaa vilivyoletwa na biashara kutoka ng'ambo. Nani leo atasema kanga si yetu?

Wahenga walisema: mwacha mila ni mtumwa. Nasi twauliza: je, amnyang'anyaye mwenziwe mila ni nani? Mwaka 1938, mjini Salzburg, watawala wa Kinazi waliwapiga marufuku Wayahudi kuvaa mavazi hayo, ingawa baadhi yao walikuwa wameyapenda na kuyavaa miaka mingi. Vazi lililohifadhiwa kwa mapenzi likageuzwa kuwa mpaka wa kuwatenga watu.

Maoni yetu ni kwamba mwalimu aseme "kaptura ya ngozi ya Bavaria", kisha aeleze ni nani aliivaa, lini, na kwa kazi gani. Tunachukia mgeni anapotaja "vazi la Waafrika" kana kwamba Juba, Lamu na Kigoma ni kijiji kimoja. Basi tusiwatendee wengine lile tunalolichukia. Hata neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani, na leo ni Kiswahili safi. Mwanafunzi akilijua hilo, atalitumia neno "asili" kwa uangalifu.