Kazimoto na Mdogo Wangu

Mara ya kwanza nilisoma Kichwamaji ili nifaulu mtihani. Mara ya pili niliisoma Magogoni, nikisubiri pantoni la kwenda Kigamboni, nyumbani, ambako mdogo wangu alikuwa wiki ya tatu hatoki chumbani. Mama alisema ni mambo ya kiroho, aombewe. Mimi, mwanafunzi wa uzamili mwenye kozi moja tu ya saikolojia, nilisema ni sonona, apelekwe kliniki.

Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, nayo hutugawa hivyohivyo kwenye semina. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi Ukerewe, anafiwa na Rukia dada yake, anapoteza mtoto, mwishowe anajiua. Mmoja atasema: ndiyo malipo ya kumwacha Mungu. Mwingine: alikuwa mgonjwa, alihitaji tiba. Kila upande unamfanya marehemu shahidi wake.

Nadhani tunaruka jambo lililo wazi. Kazimoto anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Yanayomtafuna anatuambia sisi wasomaji, tusioweza kumjibu. Sabina, mkewe, analala kando yake, lakini karibu muda wote tunamwona kwa macho ya Kazimoto. Hapo namlaumu Kezilahabi. Angempa Sabina nafasi kubwa zaidi, tungejua kuishi na mtu anayezama kukoje, na huenda tungebishana kidogo kuhusu nani ana maelezo sahihi.

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1902 kuhusu maisha ya kidini, alikataa hoja kwamba ukishaonyesha chanzo cha imani mwilini, basi umeimaliza. Alitaka ipimwe kwa matunda yake. Kipimo hicho naona kinatuhusu na sisi tunaotaja majina ya magonjwa.

Mama mmoja wa jumuiya alikuja kusali kwetu. Wenzake walipoondoka, yeye alibaki, akaketi kwenye mkeka mlangoni mwa chumba. Akauliza, "Mwanangu, usiku unalala?" Mdogo wangu akajibu. Wiki iliyofuata, kliniki, daktari alianza na swali hilohilo. Aliyempeleka ni Mama. Mimi nilifuata nyuma.

Sasa anameza dawa, na rozari iko chini ya mto. Sijui kugawa kipi kilimsaidia kiasi gani. Ninachojua ni kwamba kwa wiki tatu nilikuwa na jina la ugonjwa wake, na sikuwa nimemuuliza kama analala.