Mshale Unaoelekea Juu Kwenye Majibu ya Ini

Pembeni mwa neno ALT pamechapwa 212, na mbele ya namba hiyo kuna mshale unaoelekea juu. Tuseme karatasi ni ya dereva wa daladala aliye wiki ya tano ya dawa za kifua kikuu. Anachokiona ni mshale tu, na moyoni anajua ini limekwisha. Nimewaona watu wakiacha dawa siku hiyohiyo kwa ajili ya mshale kama huo, na wengine wakaupuuza wakati ndio uliokuwa ukiwapigia kelele. Kwa hiyo naona tuifumue namba yenyewe: inapatikanaje, na inasema nini.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya seli. Damu ya mtu mzima wa afya huwa navyo kidogo, kwa kuwa seli huzeeka na kufa kila siku. Seli zikiumia kwa wingi, vinavuja kwa wingi. Mashine ya maabara lakini haivihesabu kimoja kimoja. Inapima kazi yao. Mwaka 1955 Arthur Karmen wa Marekani alieleza njia ambayo mpaka leo ndiyo msingi: AST hupewa malighafi yake, kinachozalishwa kikachukuliwa na kimeng'enya cha pili ambacho hutumia kemikali iitwayo NADH. NADH hunyonya mwanga wa nanomita 340. Kadiri inavyoisha, mwanga unaopenya kwenye mrija unaongezeka, na kasi ya badiliko hilo ndiyo inayogeuzwa kuwa yuniti kwa lita.

Nimelikazania hili kwa sababu lina matokeo yake. Vimeng'enya hivi haviwezi kufanya kazi bila vitamini B6. Mnywaji wa pombe wa miaka mingi mara nyingi amepungukiwa na B6, na upungufu huo huikaba ALT kuliko AST. Ndiyo sababu mojawapo ya AST yake kuwa mara mbili ya ALT au zaidi, huku yenyewe ikipita 300 kwa nadra. Uwiano wa namba hizi mbili unaitwa kwa jina la De Ritis, Mwitaliano aliyeuandika mwaka 1957. Daktari anaweza kuushuku ulevi kwenye karatasi kabla mgonjwa hajausema.

AST ina tabia nyingine: haikai kwenye ini peke yake. Imo kwenye misuli, kwenye moyo, na ndani ya chembe nyekundu za damu. Tazama mrija wenyewe baada ya kuzungushwa kwenye mashine. Majimaji ya juu yanatakiwa yawe ya manjano hafifu. Yakiwa na wekundu kama maji ya tikiti, chembe zimepasuka, pengine sindano ilikuwa nyembamba au mrija ulitikiswa ovyo, na AST iliyopanda ni ya chembe hizo. Aliyekimbia mbio ndefu juzi naye atakuwa na AST ya juu kutoka mapajani. ALT ndiyo inayolielekea ini zaidi.

Upande wa pili kuna ALP, kimeng'enya kingine, ambayo hupanda hasa njia ya nyongo inapoziba: vijiwe, uvimbe kwenye kongosho. Mifupa nayo huitoa, kwa hiyo mtoto anayerefuka huwa nayo juu bila ugonjwa wowote, na mjamzito huipata kutoka kwenye kondo la nyuma. Kimeng'enya kiitwacho GGT kikipanda pamoja nayo, chanzo kipo kwenye ini au nyongo. Mifupa haiitoi GGT.

Sasa turudi kwa dereva. Kikomo cha juu cha ALT kwenye maabara yake ni 40, kwa hiyo 212 ni mara 5.3. ALP yake ni 110 na kikomo ni 120, yaani mara 0.92. Gawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 5.8. Jibu likiwa 5 au zaidi, zinazoumia ni seli za ini zenyewe. Likiwa 2 au chini, tatizo liko kwenye mtiririko wa nyongo. Katikati ni mchanganyiko. Kwake ni seli.

Zimeumizwa na nini? Ukubwa wa namba hupunguza orodha. Ingekuwa maelfu, ningeuliza kwanza juu ya paracetamol iliyozidi kipimo, homa ya ini kali ya virusi, au mshtuko uliolinyima ini damu. Ningeuliza pia juu ya mahindi yaliyoota ukungu: mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Kwa mamia machache dawa zake zinashukiwa: pyrazinamide, isoniazid na rifampicin zote zinaweza kuliumiza ini. Hata hivyo homa ya ini B lazima ipimwe, maana kidonge kinaweza kusingiziwa kosa la kirusi kilichokuwamo tangu utotoni. Na mitishamba iulizwe kwa upole. Aliyekaripiwa hujibu hapana.

Kanuni ni dawa kusimamishwa ALT inapofika mara 3 ya kikomo kwa mwenye dalili kama kichefuchefu au macho ya manjano, na mara 5 kwa asiye na dalili. Dereva amevuka. Zinasimamishwa na daktari, ALT inasubiriwa ishuke chini ya mara 2, kisha zinarudishwa moja moja, rifampicin mara nyingi ikitangulia, na damu ikipimwa kila hatua mpaka yenye kosa ijulikane.

Bado kuna wale wasio na mshale. Kando ya Ziwa Victoria mvuvi mwenye kichocho cha tumbo hubeba mayai ya minyoo yaliyonasa kwenye mishipa midogo ya ini. Makovu yanaizingira mishipa hiyo, bandama inavimba, lakini seli zenyewe haziumii sana, basi hazivuji. Anaweza kuletwa anatapika damu, na ALT yake ikasoma 28. Ugonjwa wake utaonekana kwenye ultrasaundi.