Boza Halitibu Krasha

Anayefunga maji ya krasha ili ajaze boza hajapunguza vumbi hata chembe. Nalisema mapema, asije mtu akangoja hukumu mwishoni.

Machimbo ninayoyasema yako Mkoa wa Pwani, na wengi mliopita njia ile mmeliona wingu lake kabla ya kusikia mtambo. Uchorongaji ni safi, baruti inapangwa vizuri, mikanda imefunikwa. Wapewe haki yao, tuendelee.

Kosa liko kwenye valvu. Nozeli za juu ya hopa na za mdomo wa krasha la taya zimefungwa, maji yakapelekwa kwa boza linalozunguka barabara ya malori. Utetezi ni ule ule wa siku zote: kokoto ikilowa, unga wake hugeuka tope na kuziba matundu ya chekecho. Huziba kweli, kama nozeli zenyewe zinamwaga maji kama bomba la bustani. Basi badilisha nozeli! Jiwe hulowanishwa kidogo likiwa bado hopani, kabla halijavunjika, ili unga uzaliwe ukiwa umeshikana. Penye mdomo wa taya unataka ukungu, kwa sababu tone kubwa husukuma hewa pembeni, na chembe ndogo hufuata hewa hiyo bila kuligusa tone. Krasha la koni, linalofuata baada ya taya, linahitaji uangalizi zaidi, maana linavunja jiwe ambalo tayari ni dogo.

Fanyeni hesabu. Chembe ya mikroni 5 huanguka kama milimita 2 kwa sekunde penye hewa tulivu. Ikitoka mita 4 juu, inahitaji zaidi ya nusu saa kufika chini. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ambao Pwani hatuuhesabu kuwa upepo, utakuwa umeipeleka kilomita 6. Boza litaikuta wapi? Boza hutuliza vumbi linalotimuliwa na matairi, na jua la Januari hulikausha upesi. Wasomaji wangu wa zamani wanajua nisivyolipenda gari hilo: linapendwa kwa sababu mkaguzi akija analiona.

Na hili si vumbi la chokaa. Miamba ya itale ina silika, na silika ya fuwele iliwekwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii.

Kwamba vumbi huzimwa pale linapozaliwa, wazee walilijua. Mwaka 1897 John George Leyner wa Colorado alitengeneza mashine ya kuchoronga iliyopuliza hewa kupitia chuma chenye tundu. Ilikuwa na kasi, lakini ilitimua vumbi hata wachimbaji wakaikataa. Leyner hakuwanunulia boza. Aliirudisha mashine karakanani, akapitisha maji ndani ya chuma kile kile hadi kwenye ncha, pale pale jiwe linaposagika. Mhandisi wa leo ana pampu, vipimo na kompyuta, na bado anafunga valvu!

Wakaguzi wa mazingira, mkifika machimboni msianzie barabarani. Pandeni hadi kwenye taya mtambo ukiwa unasaga, mguse nozeli. Zikiwa kavu, simamisheni krasha mpaka maji yafunguliwe.