Mwili na Mafuta: Neno juu ya Sinema "Viva Riva!"

Kuna sinema zinazoonyesha mwili uchi ili viti vijae na feza iingie. Juu ya hizo hatuna haja ya kusema mengi. Lakini kuna zingine zinazoonyesha tamaa ya mwili kwa sababu zinataka kusema neno lingine: juu ya mali, juu ya utawala, juu ya njaa ya roho. Mkristu anayetaka kuhukumu kwa haki hawezi kuzitupa zote katika shimo moja. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika andiko Inter Mirifica la tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba kuonyesha ubaya kunaweza kusaidia kumjua mtu kwa ndani zaidi, ikiwa sheria ya maadili inashikwa. Basi ulizo si hili tu: wameonyesha nini? Tuulize pia: wameonyesha kwa jicho gani?

Tuchukue mfano wa kwetu Kongo. Viva Riva!, kazi ya Djo Tunda wa Munga, ilionyeshwa Toronto mwaka 2010, na mwaka 2011 ilipata zawadi sita za African Movie Academy Awards, pamoja na ile ya sinema bora. Habari yake ni hii. Kinshasa hakuna mafuta ya motokari. Riva, kijana aliyekaa mbali miaka kumi, anarudia mjini na shehena ya mafuta aliyomwibia mkubwa mmoja wa Angola, jina lake César. César anamfuata. Lakini Riva, pahali pa kuuza upesi na kukimbia, anamwona Nora, mwanamke wa Azor, mkubwa wa wanyang'anyi wa mji, na anamtaka.

Angalia namna fumbo linavyojengwa. Mafuta na mwanamke vinatafutwa kwa macho yale yale. Bei ya mafuta inapanda, na Riva anangoja ipande zaidi. Tamaa yake inapanda vilevile. Azor anamshika Nora sawa mali ya gala. César anamlazimisha mwanamke askari kumtumikia, kwa kuwa ndugu yake yumo mikononi mwake. Hata padri wa sinema hiyo anafanya biashara ya mafuta. Ndugu waseminari, tusikasirike mbio. Padri yule anauma sababu anawezekana. Mwenye kutengeneza sinema anatuambia hivi: pahali ambapo kila kitu kina bei, mwili wa mtu utapata bei, na sakramenti pia.

Kwa hiyo sinasema kwamba mambo ya mwili yamewekwa humo kama chumvi ya kuvuta watu. Kuna pahali Riva na Nora wanakutana huku vyuma vya dirisha viko kati yao. Tendo lenyewe ni la haya, wala sitalieleza. Lakini vile vyuma vinasema kweli kubwa: wawili hawa wanagusana, nao hawaunganiki. Kila mmoja ni mfungwa. Hapa fumbo ni zito, na jicho linaelewa kabla ya sikio.

Lakini pengine jicho lile linageuka. Katika nyumba za dansi na za malaya, kamera inakawia juu ya miili kuliko maana inavyodai. Inafanya basi kazi ile ile inayoilaumu: inapima, inachagua, inanunua kwa macho. Wengine watajibu kwamba mji ndivyo ulivyo. Ni kweli, lakini shahidi si mnunuzi. Sinema inayolia juu ya biashara ya mwili haiwezi kumweka mtazamaji katika kiti cha mwenye kununua, kiisha kumwacha pale.

Tulinganishe na Teorema ya Pasolini. Mwaka 1968, huko Venezia, Ofisi Katoliki ya Sinema, OCIC, iliipa zawadi, na matata makubwa yakatokea katika Eklezia. Mgeni anaingia katika nyumba ya tajiri wa Milano, analala na kila mmoja, kiisha anaondoka. Na wote wanabaki watupu. Pale mwili ni fumbo la kutembelewa na kitu kisichojulikana. Hatari yake ni kuchanganya neema na tamaa. Hatari ya Viva Riva! ni ndogo zaidi, nayo iko karibu zaidi nasi.

Iko karibu, sababu sisi wa Mokambo tunakaa mpakani. Kamyo zinangoja duane, mashofere wanalala njiani kuelekea Mufulira, mafuta yanauzwa kwa bidoni. Msichana anayeuza mikate usiku anajua vizuri kuliko sisi namna bei inavyotoka juu ya bidhaa na kumfikia mwenye kuuza. Kijana wa hapa ataiona sinema hiyo katika telefone yake, tukipenda ao tusipopenda.

Basi hukumu yetu ni hii. Watoto wasiionyeshwe. Watu wazima waitazame pamoja na mtu wa kuzungumza nao. Na mhubiri asianze na uchi; aanze na bei. Riva anakwenda kwa wazazi wake na feza, nayo haimfanyi kuwa mwana tena. Mwishoni karibu wote waliokimbilia mafuta wanakufa, na yeye kati yao. Mwana mpotevu wa Evanjili alirudi mikono mitupu, na baba akamkumbatia bila kuuliza amebaki na kiasi gani.