Safu Tatu na Jani Lisilo na Umri

Karibu kila kipeperushi kinachoeleza upungufu wa virutubisho kwenye mimea kina umbo moja: jedwali la safu tatu. Ya kwanza ni dalili, ya pili chanzo, ya tatu tiba. Tumelizoea umbo hili kiasi kwamba tukilikagua, tunakagua tu kama yaliyomo ni sahihi. Lakini yote yanaweza kuwa sahihi na jedwali bado likampoteza msomaji, hasa yule anayeotesha miche ya nyanya au hoho kwenye kokopiti pale Mpanda.

Tuanze na sarufi yake. Dalili huandikwa hivi: majani kuwa ya njano, ukuaji kudumaa, ncha kukauka. Kitenzi cha namna hiyo hakina wakati, na nomino iliyotangulia haisemi ni jani lipi. Kumbe kwa mche mchanga, hayo mawili ndiyo habari yenyewe. Naitrojeni na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mche huzitoa kwenye majani ya chini na kuzipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo njano huanzia chini. Chuma na kalsiamu hazihami kirahisi, hivyo shida huonekana juu, kwenye majani machanga. Sentensi isiyotaja juu wala chini imeshafuta ushahidi kabla mkulima hajainamia trei. Picha ya pembeni huzidisha kosa: jani moja limechumwa na kulazwa peke yake, shina halipo.

Safu ya pili hutaja chanzo kimoja kwa kila dalili, tena huchukulia kwamba mche umo udongoni. Kokopiti ni vumbi la makumbi ya nazi. Kwa asili ina potasiamu nyingi, na ikitokana na makumbi yaliyolowekwa baharini huja na chumvi pia. Isipotayarishwa vizuri, hushika kalsiamu na magnesiamu ya mbolea, ikaachia potasiamu na sodiamu. Ndiyo maana watengenezaji makini huiosha kwa maji yasiyo na chumvi, kisha huiloweka kwenye kalsiamu naitreti. Mche unaweza kukosa magnesiamu ilhali umewekewa, na jedwali halina mahali pa kuandika kwamba kirutubisho kipo ila kimeshikwa.

Safu ya tatu ndiyo inayodhuru, kwa sababu hutoa amri. Mpanda ni eneo la tumbaku, na mbolea inayojulikana kwa wakulima wa zao hilo ni NPK 10-18-24. Tarakimu ya mwisho ni ya potashi. Chukua mche wa nyanya wenye majani manne: jani la chini limepauka kati ya mishipa, mishipa yenyewe imebaki kijani, majani ya juu hayana kasoro. Hiyo ni sura ya upungufu wa magnesiamu. Msomaji wa jedwali ameona njano, akasoma naitrojeni, akachota mbolea iliyobaki stoo. Ameongeza potasiamu, ambayo hushindana na magnesiamu kwenye mizizi. Njano ikipanda hadi jani la pili, atarudi kwenye jedwali na kukuta amri ileile.

Hata hivyo, jedwali lina sifa zake. Linaenea ukurasa mmoja, linasomeka mtu akiwa amesimama kitaluni, na afisa ugani hawezi kuwa kila kijiji siku moja. Aya ndefu za kitabu zisingefanya kazi hiyo. Kinachotakiwa ni kulipanga upya. Kati ya dalili na chanzo ziingie safu mbili: njano imeanzia jani lipi, na mche umeoteshwa kwenye nini. Kabla ya tiba uwepo mstari wa vipimo: mwagilia trei, kinga maji yanayotoka chini, pima chumvi na pH yake. Kwa miche mingi, pH ya 5.5 hadi 6.5 inafaa. Chumvi ikizidi, suuza kwanza, mbolea isubiri. Na yale majani mawili ya mbegu yakigeuka njano wakati majani halisi yameshakua, hayahitaji tiba. Yamemaliza kazi yake.

Waandishi wa vipeperushi wanaweza kuongeza safu hizo bila kuongeza ukurasa. Wasipofanya hivyo, mkulima wa kokopiti na aifunike safu ya tatu kwa mkono mpaka amalize kuutazama mche wote, kuanzia chini kwenda juu.